Kuzidisha Kromosomu katika Maua ya Chupa: Kusoma Dalili na Kutafuta Chanzo Chake

Kemikali za kuzidisha kromosomu hutumika katika ukuzaji wa tishu za maua, yaani kukuza vipande vidogo vya mmea ndani ya chupa safi, kwa sababu zinazoeleweka: mzalishaji anatafuta ua lenye petali nene linalodumu, jani zito lenye kijani kilichokolea, shina fupi linalofaa kwa chungu, au anataka chotara tasa apate tena uwezo wa kutoa mbegu. Kwa vitalu vya Mwanza, vinavyouzia nyumba, hoteli na wapambaji wa harusi, na ambavyo havishindani na mashamba makubwa ya maua ya kukata ya Arusha na Kilimanjaro, aina ya ua la chungu kama anthurium au Saintpaulia isiyopatikana kwa jirani ni mali. Wazo lenyewe si geni Kanda ya Ziwa. Pamba inayolimwa kuanzia Misungwi hadi Shinyanga ni tetraploidi (yenye seti nne za kromosomu), jumla kromosomu 52, na migomba ya kupika ya Bukoba ni triploidi (seti tatu) yenye kromosomu 33. Huko kazi ilifanywa na maumbile kwa muda mrefu sana, ilhali maabarani tunataka ifanyike kwa saa 24 hadi 72.

Kolkisini, inayotokana na mmea wa Colchicum autumnale, ilitangazwa kwa kazi hii mwaka 1937 na Albert Blakeslee na Amos Avery nchini Marekani. Orizalini na trifluralini ni viuagugu vilivyoingia maabarani baadaye. Zote tatu hushika protini iitwayo tubulini na kuizuia isijenge nyuzi zinazovuta kromosomu kwenda pande mbili za seli. Kromosomu zinakuwa zimekwisha kujinakili, lakini hazitengani, hivyo hubaki zote ndani ya kiini kimoja. Dawa haiumbi kromosomu mpya; inazuia tu zilizopo zisigawane. Kwa hiyo huigusa seli iliyo katika mgawanyiko wakati huo, na jirani yake iliyopumzika hubaki kama ilivyokuwa. Anayeshika jambo hili, kwamba dawa hufanya kazi seli kwa seli wala si mche kwa mche, ataelewa karibu kila dalili inayofuata, na ataona kwa nini hasara kubwa hutokea baada ya kuloweka vipande katika dawa, wakati wa kuamua kipi kibaki na kipi kitupwe.

Vipande vyote vinageuka kahawia na kufa

Kitu cha kwanza kutazama ni vipande vya ulinganisho. Kila jaribio linapaswa kuwa na vipande vilivyolowekwa katika midia (chakula cha mmea cha chupani) tupu, na vingine vilivyolowekwa katika midia yenye kiyeyushi cha dawa peke yake, kwa muda uleule na kwa kutikiswa vilevile. Ikiwa vile vya kiyeyushi navyo vimekufa, shuku DMSO, yaani kiyeyushi hicho, iliyozidi, kwa maana ikipita asilimia 2 tishu laini nyingi huanza kudhurika. Ikiwa hata vile vya midia tupu vimekufa, chanzo ni ukataji mbaya, kukauka wakati wa kuhamisha, au klorini ya kusafishia ambayo haikusuuzwa vya kutosha. Ni pale tu vipande vya ulinganisho vinapobaki hai ndipo lawama inapaswa kwenda kwenye dawa.

Hapo tena hesabu ndiyo ya kushukiwa mwanzo. Kolkisini ya asilimia 0.1 ni gramu 1 kwa lita, sawa na takribani milimola 2.5 kwa lita (milimola 1 ni mikromola 1,000), ilhali orizalini ya mikromola 50 ni miligramu 17.3 tu kwa lita. Aliyezoea kolkisini akipima orizalini kwa mazoea yale yale, atakuwa amezidisha dozi zaidi ya mara 50. Njia nzuri ni kuandaa myeyusho mama wa orizalini wa milimola 10, yaani miligramu 34.6 katika mililita 10 za DMSO, kisha kuchukua mililita 5 kwa kila lita ya midia. Hiyo hutoa mikromola 50 pamoja na DMSO ya asilimia 0.5, na ni hesabu ambayo mtu wa pili anaweza kuikagua kwa dakika moja kabla chupa haijafunguliwa. Ukaguzi huo wa mtu wa pili ufanywe kila mara, hata kama mpimaji ni mzoefu.

Baada ya hesabu, angalia muda na joto. Umeme ukikatika mchana na chumba cha kukuzia kikapanda kutoka nyuzi 25 hadi kupita 30, dozi iliyovumilika wiki iliyopita inaweza kuua leo. Jaribio lililokatizwa na umeme lisichanganywe na mengine kwenye daftari. Liandikwe peke yake pamoja na joto la juu lililofikiwa.

Hata hivyo rangi ya kahawia si kifo. Anthurium, waridi na jamii nyingi za okidi hutoa kemikali ziitwazo fenoli zinapokatwa, na fenoli hizo zikikutana na hewa hutia giza midia na ngozi ya kipande. Chukua wembe mpya, kata utepe mwembamba kwenye kitako cha kipande kinachoonekana kimekufa, na utazame jeraha chini ya lenzi. Ukiona ndani kuna kijani kibichi au weupe wenye unyevu, ncha ya chipukizi inaweza kuwa hai bado. Kihamishie kwenye midia mpya, na urudie kila baada ya siku chache hadi midia iache kubadilika rangi. Asidi askobiki husaidia, na mkaa ulioamilishwa pia husaidia katika midia ya kupumzishia. Mkaa huo usiwekwe kamwe katika midia ya kulowekea, kwa sababu hunasa dawa yenyewe kabla haijafika kwenye seli, nao hunasa pia homoni.

Ieleweke pia kwamba vifo kiasi ni sehemu ya kazi hii. Dozi isiyoua kitu mara nyingi haijabadilisha kitu, na ndiyo maana wengi hulenga dozi inayobakiza karibu nusu ya vipande. Ukipoteza vyote, punguza muda kabla ya kupunguza dozi; ukibakiza vyote, soma sehemu inayofuata.

Vipande vyote viko hai na hakuna kilichobadilika

Dalili hii huchosha kuliko vifo, kwa sababu hugunduliwa baada ya miezi. Vyanzo vyake ni vingi, na vinafuatiliwa kuanzia kwenye chupa ya dawa hadi kwenye seli.

Chupa kwanza. Kolkisini inayopigwa na mwanga hugeuka kuwa umbo jingine lisiloishika tubulini, na dawa iliyokaa dirishani au juu ya meza yenye taa kwa siku nyingi haina tena nguvu hata kama inaonekana safi. Orizalini na trifluralini nazo huharibiwa na mwanga. Chupa iwe ya kahawia au ifungwe karatasi ya alumini, na kuloweka kufanywe gizani.

Kisha myeyusho. Orizalini huyeyuka katika maji kwa kiasi kidogo sana, takribani miligramu 2.6 kwa lita, kiwango ambacho ni sehemu ndogo tu ya dozi inayotumika. Kinachoishikilia ni kiyeyushi, na ukimimina myeyusho mama kwa mkupuo katika midia baridi, dawa hujitenga. Inua chupa dhidi ya taa: ukungu wa manjano unaotulia chini, au vijiwe vidogo kwenye kona, ni dawa ambayo haitafika kwenye mmea. Imimine tone kwa tone katika midia yenye uvuguvugu huku ikikorogwa, na uitumie siku hiyohiyo. Kwa kuwa joto la otoklevu (mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke) halifai kwa dawa hizi, wengi huchuja kwa kichujio cha mikromita 0.22, na hapo kuna mtego mwingine: vichujio vya selulosi huharibiwa na DMSO iliyo kali, hivyo myeyusho mama unahitaji kichujio cha nailoni au cha PTFE (tefloni).

Tatu ni ufikaji. Kipande kinachoelea, chenye kiputo cha hewa kwenye kikonyo cha jani, huloweka upande mmoja tu. Kitikise kwa upole muda wote, kwa mizunguko 100 hivi kwa dakika, na uondoe majani makubwa yanayokumbatia ncha. Ncha ya chipukizi imefunikwa na majani machanga, na ndiyo tunayoitaka. Dawa ikiishia kwenye majani haikufanya kazi.

Chanzo cha nne, ambacho kwa maoni yangu ndicho kinachosahaulika zaidi, ni seli zilizolala. Kipande kilichokaa wiki nyingi katika midia iliyochakaa hakina seli nyingi zinazogawanyika, na dawa haina cha kukamata. Hamisha machipukizi kwenye midia mpya yenye sitokinini (homoni ya kuchochea machipukizi), kwa mfano BAP ya miligramu 1 kwa lita, siku 2 au 3 kabla ya kuloweka, ili ncha ziamke. Sababu hiyohiyo hueleza kwa nini saa 6 hazitoshi kwa mimea mingi: seli ambayo haikufika zamu yake ya kugawanyika ndani ya muda huo inaponyoka.

Mwisho ni uchaguzi wa dawa. Kolkisini hushika tubulini ya wanyama kwa nguvu na ya mimea kwa udhaifu, na ndiyo sababu huhitajika kwa milimola wakati orizalini hutosha kwa mikromola. Aliyeshindwa mara kwa mara kwa kolkisini ana sababu nzuri ya kuhamia orizalini, kwa ajili ya mmea na kwa ajili ya mikono yake mwenyewe.

Machipukizi yamevimba na hayakui

Wiki ya tatu au ya nne baada ya kuloweka, baadhi ya machipukizi huwa na kitako kinene kisicholingana na urefu wake, pingili fupi zilizobanana, na majani mazito yaliyojikunja kingo, yenye kijani cha giza. Mengine katika chupa hiyohiyo yamekwisha kurefuka na yanapendeza. Kishawishi ni kutupa yale ya kwanza na kuzidisha haya ya pili. Hilo ndilo kosa linaloangusha majaribio mengi, kwa kuwa machipukizi yanayowahi kukua mara nyingi ni yale ambayo dawa haikuyagusa. Seli zilizozidishwa hugawanyika polepole zaidi, na tishu iliyopigwa na dawa huhitaji muda wa kujirekebisha, hivyo kuduwaa kwa wiki 4 hadi 8 si ugonjwa.

Tenga machipukizi mazito katika chupa zake yenyewe, uyape midia mpya yenye homoni kidogo, na uyaache. Yale marefu yasitupwe yote pia; weka machache kama ushahidi wa kulinganishia. Ikipita miezi 3 bila jani jipya hata moja, huenda yamezidishwa kupita kiasi, na hilo lina sehemu yake hapa chini.

Vipimo vinapingana

Hapa ndipo penye ugumu wa kweli, na panafaa kusomwa taratibu. Mche unaonekana tetraploidi kwa macho, kipimo kimoja kinakubali, kingine kinakataa. Mara nyingi hakuna kipimo kilichokosea. Kila kimoja kimepima mahali pake.

Ncha ya chipukizi katika mimea mingi ya maua ina matabaka matatu. Tabaka la kwanza hutoa ngozi ya nje ya jani pamoja na stomata (matundu ya hewa) zake. La pili hutoa nyama ya jani iliyo chini ya ngozi, na ndilo linalotoa chavua na mayai. La tatu hutoa kiini cha shina, na mizizi inayoota kwenye shina hutokana na tishu za ndani. Kwa kuwa dawa hugusa seli moja moja, tabaka moja linaweza kuzidishwa na mengine yakabaki. Mche kama huo ni mchanganyiko. Ukihesabu kromosomu kwenye ncha ya mzizi umepima ndani. Ukipima stomata umepima ngozi. Mzalishaji anayetaka mbegu za tetraploidi anahitaji tabaka la pili, na stomata haziwezi kumthibitishia hilo.

Kwa maabara isiyo na mashine ya kupima kiasi cha DNA, kipimo cha stomata ndicho cha kuanzia, kwa sababu kinahitaji darubini ya kawaida tu. Paka rangi ya kucha isiyo na rangi upande wa chini wa jani, iache ikauke, ibandue kwa utepe wa gundi, na uibandike kwenye kioo. Katika darubini yenye ukuzaji wa mara 400 midomo ya stomata itaonekana wazi, ikiwa na seli linzi mbili mbili. Pima urefu wa angalau 30 kwa kila mche. Wengi huvunjika moyo kwa kuwa wanatarajia urefu mara mbili, na matarajio hayo hayana msingi: seli ikiongezeka ujazo mara mbili bila kubadili umbo, urefu wake huongezeka kwa takribani robo tu. Tofauti ya mikromita 24 na mikromita 30 ni habari njema. Idadi ya stomata katika eneo lilelile nayo hupungua.

Kipimo cha kuaminika zaidi katika ngozi hiyohiyo ni kuhesabu kloroplasti ndani ya seli linzi. Bandua ngozi ya chini kwa koleo ndogo, weka tone la iodini, na uhesabu. Katika tetraploidi idadi huelekea kukaribia mara mbili ya ile ya diploidi, yaani mmea wenye seti mbili za kromosomu. Majani yalinganishwe yakiwa na umri mmoja na nafasi moja kwenye shina, tena ikiwezekana baada ya mche kuzoea hewa ya nje, kwa maana stomata za ndani ya chupa huwa za maumbo yasiyotabirika.

Hesabu ya kromosomu kwenye ncha ya mzizi ndiyo ya mwisho. Mizizi myeupe inayokua kwa kasi hukatwa asubuhi, hulowekwa katika hidroksikwinolini ya milimola 2 kwa saa chache, hutunzwa katika mchanganyiko wa ethanoli sehemu 3 na asidi asetiki sehemu 1, hulainishwa katika asidi hidrokloriki yenye joto la nyuzi 60, kisha hupakwa rangi ya aseto-orseini na kupondwa chini ya kioo. Saintpaulia ina kromosomu 30, anthurium ya kawaida 30, petunia 14, gerbera 50. Ukipata 57 badala ya 60, usiite tetraploidi: mgawanyiko ulioharibika unaweza kupoteza au kuongeza kromosomu kadhaa, na mimea ya namna hiyo huwa dhaifu.

Walio na fursa ya kutuma sampuli kwenye mashine ya kupima DNA wajihadhari na okidi. Jani la okidi diploidi, kama Phalaenopsis au Vanda, kwa kawaida lina seli ambazo zimejinakili zenyewe bila dawa yoyote, na hutoa vilele kadhaa kwenye chati. Asiyejua hilo atatangaza ushindi ambao haupo. Tuma tishu changa kabisa, na kila mara utume pamoja nayo tishu ileile ya mmea ambao haukutibiwa.

Mche mchanganyiko unaweza kusafishwa. Ukate pingili kwa pingili, kila jicho liwe chupa yake, upime, ubakize yaliyo mazito zaidi, urudie kwa vizazi 3 au 4. Kwa Saintpaulia kuna njia fupi: machipukizi yanayoota moja kwa moja kwenye kipande cha jani hutokana na seli chache, mara nyingi za ngozi, hivyo kila moja huwa na uwezekano mkubwa wa kuwa safi, ama diploidi ama tetraploidi. Mmea huu ulichukuliwa Usambara na Walter von Saint Paul-Illaire na kupewa jina la kisayansi mwaka 1893, na inatia moyo kuona unafanyiwa kazi tena nchini mwake.

Majani yamejaa maji na kuwa angavu

Chanzo mara nyingi si dawa. Midia ya kioevu, sitokinini nyingi na chupa zinazotoka jasho wakati joto linapopanda na kushuka kwa kukatika umeme vinatosha kuleta hali hii. Rudisha kwenye midia ngumu, ongeza agari kidogo, punguza sitokinini, na uweke vifuniko vinavyopitisha hewa kupitia kichujio. Majani yaliyojaa maji hayafai kupimwa stomata.

Ukungu na bakteria baada ya kuloweka

Kuloweka siku 2 au 3 katika kioevu, kisha kusuuza mara tatu kwa maji safi, ni milango mingi ya kuingilia vijidudu, na bakteria waliojificha ndani ya tishu hujitokeza wakati mmea umedhoofika. Lakini kwa Mwanza kuna chanzo ambacho vitabu vya kawaida havikitaji. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kiasi kwamba otoklevu au sufuria ya presha inayosoma pauni 15 kwa inchi ya mraba hufika takribani nyuzi 119 badala ya 121. Kama geji yako inaruhusu, ipandishe hadi karibu pauni 17; kama valvu imefungwa kwenye 15, dakika 15 zifanye 25. Tofauti ya nyuzi mbili inaonekana ndogo, ila mbegu za bakteria sugu huipita.

Mizizi inakataa, au ncha zake zimevimba kama rungu

Mzizi mfupi wenye ncha ya mviringo ni alama ya orizalini au trifluralini iliyobaki ndani ya tishu, kwa sababu ndivyo viuagugu hivi vinavyofanya shambani pia. Suuza kwa muda mrefu zaidi, pitisha machipukizi katika midia isiyo na homoni angalau mara mbili, ndipo uyapeleke kwenye midia ya kawaida iitwayo MS, ya nusu nguvu, yenye IBA (homoni ya mizizi). Ikiwa ncha ni za kawaida lakini mizizi inachelewa, subiri, kwani tetraploidi nyingi hutoa mizizi michache na minene.

Mche mfupi mno, unaovunjika, usiotoa ua

Kabla ya kulaumu muda wa kuloweka, jiulize ulianza na nini. Krisanthemumu ya bustani kwa kawaida ni heksaploidi (seti sita) yenye kromosomu 54, na waridi nyingi za kisasa ni tetraploidi zenye 28. Ukizizidisha tena unapata mimea iliyodumaa, na hakuna marekebisho ya dozi yatakayobadilisha hilo. Ikiwa ulianza na diploidi, basi seli imenaswa katika migawanyiko miwili mfululizo na imekuwa oktoploidi (seti nane). Punguza saa, usiguse dozi.

Mfanyakazi anaumwa

Dalili hii haimo kwenye chupa lakini ni nzito kuliko zote. Kolkisini imewahi kuua kwa kiasi kisichofika miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito wa mwili, na dawa ya kuiondoa sumu yake haipatikani hospitalini kwa kawaida. Huanza baada ya saa kadhaa kwa kichefuchefu, kutapika na kuharisha, na mtu hudhani ni chakula kibovu, au katika mji wetu hudhani ni kipindupindu. Baadaye hushambulia uboho na viungo vya ndani. Mwenye dalili hizo baada ya siku ya kuloweka apelekwe hospitali mara moja, na jina la kemikali liandikwe kwenye karatasi akabidhiwe daktari. DMSO hupenya ngozi na hubeba vilivyoyeyuka ndani yake, kwa hiyo glavu zibadilishwe zinapolowa, unga upimwe ndani ya kabati la kufyonza hewa huku mpimaji amevaa barakoa, na mjamzito asishike kazi hii kabisa. Ua la Gloriosa superba, linaloota vichakani Afrika Mashariki na kuuzwa kama pambo, nalo lina kolkisini, na viazi vyake vimeua watu. Visikae karibu na jiko.

Maji ya kuloweka na ya kusuuzia yasimwagwe kwenye sinki. Trifluralini na jamii yake ni sumu kali kwa samaki, na mifereji mingi ya Ilemela na Nyamagana huishia ziwani, kwenye dagaa, sato na sangara wanaolisha mji. Yakusanywe katika madumu yenye lebo, yakae gizani, yakabidhiwe kwa mkusanyaji wa taka hatarishi aliyesajiliwa chini ya taratibu za NEMC, baraza la taifa la mazingira.

Kitaluni ua halitofautiani na la zamani

Mche umethibitishwa, umetoka chupani, na baada ya miezi ua lake ni lilelile. Ama mche ulikuwa mchanganyiko na tabaka lisilozidishwa limechukua nafasi, jambo linalotokea hasa shina kuu likikatwa na machipukizi ya pembeni yakaota, ama ni tetraploidi kweli ambayo haikuongeza ukubwa. Jambo la pili ni la kawaida: baadhi ya aina huzidisha unene wa petali bila upana, huchelewa kuchanua, na hutoa maua machache. Kuzitofautisha sababu hizi mbili, tazama chavua chini ya darubini, kwa kuwa chavua hutoka tabaka la pili. Chembe kubwa kuliko za mmea wa asili huashiria kwamba tabaka hilo limezidishwa. Linganisha na mmea wa aina hiyohiyo uliopita chupani bila dawa, si ule uliokua bustanini miaka yote, kwa sababu kupita chupani kwenyewe hubadilisha umbo. Kila mche ubaki na lebo ya chipukizi ulikotoka, dawa, dozi, saa na tarehe ya kipimo cha mwisho, na uzalishaji wa kuuza uanze kwa mche mama uliopimwa baada ya kuchanua, si kabla.